Mwendo wa Mkono: Hati ya Kichina, Vihisi na Mabango ya Kibera na Kawangware

Sanaa shirikishi inayounganisha hati ya Kichina na teknolojia ya kisasa ikitajwa Nairobi, watu huanza kuzungumzia mambo manne tofauti wakidhani wanazungumzia jambo moja. Yupo anayedhani ni kuchapisha herufi za Kichina kwa kompyuta na kuzimulika ukutani. Yupo anayeiona kama mkono mwingine wa Beijing, baada ya reli na barabara kuu. Yupo anayeuliza inawahusu nini wakazi wa Kibera na Kawangware, ambako maji hununuliwa kwa mtungi na umeme huzimika bila taarifa. Na yupo kijana wa mtaani ambaye hayo yote hayamshughulishi. Anachotaka kujua ni kama kuna kazi ndani yake.

Maswali yote manne yana msingi, na makala haya yatayapitia. Lakini yote yanaruka swali lililo chini yake: mashine inapokutana na mkono wa mwandishi, inahifadhi nini cha mkono huo? Ikihifadhi umbo la herufi peke yake, mwandishi hahitajiki tena kuanzia siku ya pili. Ikihifadhi mwendo, yaani kasi, mgandamizo na mfuatano wa mivuto ya brashi, basi mwandishi anabaki kuwa chanzo, na mashine inamhitaji kila inapowashwa. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama sanaa hii ni neema au hasara kwa mitaa miwili ambayo hadi leo imejaa watu wanaokula kwa kuandika kwa brashi.

Hati ya Kichina inathamini nini

UNESCO iliiingiza hati ya Kichina katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2009. Vifaa vyake ni vinne tangu zamani: brashi ya nywele za mnyama, wino, karatasi na jiwe la kusagia wino. Ukiitazama kwa haraka utadhani ni sanaa ya maumbo mazuri. Chukua mstari mmoja wa mlalo, ule unaofanana na kistari cha kawaida. Mwandishi hauburuti tu kutoka kushoto kwenda kulia. Ncha ya brashi hugusa karatasi ikisukumwa kwanza upande wa kushoto, ikajificha ndani ya wino, ikakandamizwa, ndipo ikavutwa kwenda kulia ikiwa imelegezwa, na mwishoni ikakandamizwa tena na kurudishwa ilikotoka. Karatasi inanyonya wino papo hapo. Mwandishi akisita, doa linapanuka. Akiharakisha, nywele za brashi zinaachana na kuacha michirizi mikavu. Hakuna kufuta wala kupitia mara ya pili. Kwa hiyo kinachobaki kwenye karatasi ni kumbukumbu ya tendo la sekunde chache, na msomaji aliyefunzwa anaweza kulifuatisha tendo hilo kwa kidole hata kama mwandishi alikufa karne nyingi zilizopita.

Watetezi wakali wa jadi huchukua hoja hii na kusema: basi mashine yoyote ni uharibifu. Historia yenyewe haikubali. Kazi inayoheshimiwa kuliko zote katika sanaa hii, dibaji ambayo Wang Xizhi aliiandika mwaka 353 katika Banda la Orkidi, haipo tena kwa mkono wake. Inajulikana kupitia nakala zilizofuatishwa kwa uangalifu mkubwa enzi ya Tang. Kazi nyingi nyingine zilichongwa kwenye mawe, kisha karatasi yenye unyevu ikabandikwa juu ya jiwe na kugongwagongwa kwa wino ili kutoa nakala. Hiyo ilikuwa teknolojia ya kunakili, na bila hiyo wanafunzi wa vizazi vingi wasingekuwa na cha kufuatisha. Nakala hizo hazikuua hati kwa sababu zilitengenezwa ili mwanafunzi azifuatishe kwa mkono wake, hadi mkono wake ujue njia.

Kipimo hicho kinasaidia kutenganisha kazi za kisasa ambazo huwekwa kapu moja. Mwaka 1994 Xu Bing alianza mtindo wa kuandika maneno ya Kiingereza ndani ya miraba inayofanana na herufi za Kichina, na aliyaonyesha kwa kugeuza ukumbi wa maonyesho kuwa darasa: madawati, brashi, vitabu vya mazoezi, na mgeni anaketi kuandika. Kundi la teamLab la Japani huandika hewani ndani ya kompyuta, likijaribu kuonyesha kina, kasi na nguvu ya mvuto wa brashi kwa pande zake zote. Mwaka 2011 Nicholas Hanna, msanii wa Kanada, alifunga mitungi ya maji na vali zinazoendeshwa na kompyuta kwenye baiskeli ya magurudumu matatu huko Beijing. Baiskeli ikisonga, matone yanadondoka na kuunda herufi barabarani, ambazo jua huzifuta muda si mrefu. Aliiga desturi ya wazee wa China ambao asubuhi huandika kwa maji kwenye sakafu za bustani za umma kwa brashi ndefu kama fimbo.

Kati ya hizo, kazi ya Hanna ndiyo inayopendeza watazamaji kwa wepesi zaidi, na kwa kipimo chetu ndiyo dhaifu zaidi. Matone yale yanapangwa kwa safu, safu baada ya safu, kama printa inavyofanya. Hakuna mvuto hata mmoja wa brashi ndani yake. Mzee wa bustanini na baiskeli ile wanaacha neno lilelile sakafuni, lakini mmoja ameandika na nyingine imechapisha. Upande wa pili kabisa upo mradi wa mwaka 2009 uliofanywa Marekani kwa ajili ya Tony Quan, mchora grafiti wa Los Angeles aliyejulikana kama Tempt One, ambaye maradhi ya neva yalikuwa yamempooza. Kundi la wasanii na watengenezaji wa programu lilimtengenezea miwani ya bei rahisi yenye kamera ndogo inayofuata jicho. Akaandika jina lake kwa macho, na mwandiko ukamulikwa kwenye majengo ya jiji. Nyuma ya kazi za aina hiyo kulikuwa na njia ya kuhifadhi grafiti kwenye faili isiyobeba picha, ila nukta za mkono zikiambatana na wakati: mkono ulikuwa hapa, sekunde fulani baadaye ukawa pale. Hiyo ni teknolojia iliyomrudishia mwandishi mkono wake.

Mtaa una hati yake tayari

Kwa nini basi Kibera na Kawangware? Kwa sababu ni miongoni mwa sehemu chache za Nairobi ambako uandishi wa mkono bado ni mali ya umma inayoonekana kila hatua. Kinyozi, bucha, kibanda cha chipsi, kanisa la mabati, fundi wa redio, posho mill: kila kimoja kina bango, na mabango mengi yametoka kwenye brashi. Fundi wa mabango hupiga mistari miwili kwa chaki na uzi, akakadiria herufi kwa macho, kisha akashika brashi bapa yenye rangi ya mafuta huku mkono wa kushoto ukiwa tegemeo la ule wa kulia. O huandikwa kwa mivuto miwili inayokutana juu na chini. S huanzia katikati, kisha kichwa, kisha mkia. Bati lenye mawimbi humlazimisha kubadili mgandamizo kila wimbi linapoinuka na kushuka, na ndiyo maana herufi za juu ya mabati zina mtetemo fulani ambao fonti ya kompyuta haina.

Katika ufundi huu imezaliwa sanaa yenye jina. Maasai Mbili, kundi lenye makao yake Kibera, lilianzishwa mwaka 2001 na Otieno Gomba na Otieno Kota, waandishi wa mabango waliovaa shuka za Kimaasai ili wateja wawatambue, na kutoka bango la duka wakaingia katika uchoraji unaojulikana nje ya nchi. Solomon Muyundo, anayejulikana kama Solo7, alizunguka Kibera wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 akiandika maneno ya amani kwenye kuta, mageti, mabati na hata barabarani. Hakuna kihisi kilichohusika, na hata hivyo ilikuwa sanaa shirikishi kwa maana kamili: mtaa ulisoma, ukajibu, ukaruhusu au ukakataa.

Pingamizi la haraka ni kwamba herufi za Kilatini za bango la kinyozi haziwezi kuwekwa meza moja na hati iliyopaliliwa kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Kwa kina cha fasihi na falsafa inayoizunguka, ni kweli. Kwa msingi wa ufundi, hapana. Herufi za brashi bapa zina mfuatano wa mivuto, zina mahali pa kukandamiza na pa kulegeza, na makosa yake yanaonekana. Darasa la Xu Bing lilithibitisha kwamba nidhamu ya brashi ya Kichina inaweza kubeba alfabeti hizihizi. Na tusisahau kwamba Kibera, iliyoanzishwa na wanajeshi wa Kinubi mwanzoni mwa karne ya 20, ina hati ya tatu: ile ya Kiarabu inayofundishwa katika madrasa za Makina, ambayo nayo humtaka mtoto ajue herufi inaanzia wapi kabla ya kujua inafanana na nini.

Ufundi huu unapungua, na sababu zake zieleweke kabla ya kulaumu teknolojia kwa jumla. Ya kwanza ni mashine ya kuchapisha mabango ya plastiki na ile ya kukata stika: bango linatoka kwa dakika, lina picha ya mteja, na likichanika linachapishwa jingine lilelile. Ya pili haina uhusiano na mashine. Kampuni za simu, za rangi na za vinywaji huwapakia wenye maduka kuta zao bure kwa rangi za kampuni, na mtaa mzima wa vibanda unageuka kijani au mwekundu huku jina la mwenye duka likibaki dogo pembeni kwa herufi za kiolezo. Mwenye duka hapaswi kulaumiwa. Amepata rangi mpya bila kutoa senti. Ya tatu ni mamlaka. Kanuni za matatu zilizoanza kutekelezwa Februari 1, 2004, maarufu kama sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, ziliamuru mstari wa manjano, na maandishi na michoro iliyokuwa imepamba magari ya njia kama ya 46 ya Kawangware ikafifia kwa miaka kabla ya kurejea kwa kishindo. Tukio hilo linaonyesha kwamba hati ya mtaani huishi kwa ruhusa kama inavyoishi kwa ufundi.

Wanaotetea mashine, na wanaoiogopa

Watetezi wa teknolojia wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa. Kibera ina historia ya kuichukua teknolojia na kuifanya yake. Mwaka 2009 vijana wa vijiji vyake, wakishirikiana na Erica Hagen na Mikel Maron, walitembea na vifaa vya GPS na kuchora ramani ya mtaa ambao ramani za umma zilikuwa zikiuacha karibu mtupu. Mradi huo, Map Kibera, ulizaa Voice of Kibera, ambamo wakazi walituma taarifa zao juu ya jukwaa la Ushahidi, programu iliyoundwa Kenya mwanzoni mwa 2008 kufuatilia ghasia hizo za baada ya uchaguzi. Kijana aliyejifunza kuweka choo cha umma kwenye ramani hashindwi kujifunza kurekodi mvuto wa brashi. Tena simu zilizojaa mikononi mwa vijana zina kamera zinazoweza kufuata ncha ya kidole, jambo ambalo miaka 15 iliyopita lilihitaji maabara. Na mtoto anayeona mvuto wake ukikua ukutani hadi kufikia urefu wa nyumba, unene ukifuata jinsi alivyokandamiza, anaelewa kwa dakika moja kitu ambacho maelezo ya mwalimu huchukua wiki.

Udhaifu wa upande huu ni wa vitu vya kushikika. Sanaa nyingi shirikishi za muongo uliopita zilijengwa juu ya Kinect, kifaa cha mchezo wa video kilichoingia sokoni 2010. Mwaka 2017 kampuni yake ikasitisha kukitengeneza, na kazi zilizokitegemea zikabaki zikitafuta vipuri vya mitumba. Projekta inahitaji giza na umeme thabiti, na Kibera giza lipo lakini umeme ni bahati. Mradi ukija na vifaa ambavyo fundi wa simu wa Kawangware hawezi kuvifungua na kuvirekebisha, umekuja na tarehe yake ya kufa. Hili ni pingamizi la kweli, nami sioni jibu lake isipokuwa kuchagua vifaa vya kawaida hata kama matokeo yatakuwa na uzuri mdogo.

Wanaoiogopa mashine wanasema fundi atanyang'anywa riziki mara ya pili: kwanza plastiki ilichukua wateja wake, sasa kompyuta itachukua hata mtindo wake. Hofu hiyo ina msingi pale mashine inapohifadhi umbo. Ukiskani herufi za fundi na kuzigeuza fonti, mtu yeyote ataandika kwa mwandiko wake bila kumwita. Lakini hofu hiyohiyo inakosa shabaha ikielekezwa kwa kazi inayorekodi mwendo mbele ya watu, kwa sababu huko thamani ipo katika kumwona mtu akiandika. Plastiki ilimshinda fundi kwa kasi na bei. Haijawahi kumshinda kwa kutazamwa. Watoto husimama kumtazama anapoandika, na hakuna anayesimama kutazama printa.

Kundi la tatu linauliza kuhusu choo na maji kwanza. Swali hili ni la heshima na lijibiwe kwa heshima. Fedha za sanaa kwa kawaida hazitoki kwenye mfuko wa maji taka, kwa hiyo kuzikataa hakuongezi choo hata kimoja. Hata hivyo sanaa inaweza kubeba haja za mtaa ikitaka. Mwanzoni mwa 2009 msanii wa Ufaransa anayejiita JR alifunika paa za Kibera, kiasi cha mita za mraba 2,000, kwa picha za macho na nyuso za wanawake wa mtaa, na picha hizo zilichapishwa kwenye plastiki isiyopitisha maji ili zizuie mvua. Picha nyingine za macho zilibandikwa kwenye mabehewa ya treni, na sehemu za chini za nyuso zikawekwa kwenye mteremko wa reli, hivi kwamba treni ikipita sura zinakamilika kwa sekunde chache. Ilikuwa kazi ya akili sana, na paa zilizozuia mvua zilikuwa faida ya kweli. Kilichokosekana ni nafasi ya mwanamke aliye chini ya paa kubadilisha kilichoandikwa juu yake. Kazi ilionekana vizuri zaidi kutoka angani na kwenye reli, mahali ambapo yeye hayupo. Sanaa shirikishi ikija leo isiwe na kasoro hiyo, maana jina lake lenyewe linaahidi kinyume.

Swali la China

Wanaohofia ushawishi wa China wana ushahidi wa kutosha kwamba lugha na hati ni sehemu ya diplomasia. Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilianzishwa mwaka 2005, ya kwanza Afrika, na mapema 2019 taasisi ya mitaala ya Kenya ilitangaza kwamba Kimandarini kingefundishwa shule za msingi kuanzia 2020. Brashi ikifika Kibera kupitia mlango huo, itafika na masharti: maneno gani yaandikwe, kwa picha ya nani ukutani, mbele ya kamera ya nani.

Lakini kukataa ufundi kwa sababu ya mlango uliopitia kunatupotezea zaidi. Maandishi ya Kichina si mageni katika nchi hii: mwaka 2013 watafiti walitangaza kuipata kisiwani Manda, karibu na Lamu, sarafu ya shaba ya enzi ya mfalme Yongle, aliyetawala 1402 hadi 1424, ikiwa na jina la utawala wake juu yake. Vitu vimesafiri bila kuwatawala waliovipokea, na vingine vimetawala. Ninachokiona cha kuchukua kwa China ni nidhamu ya mkono, pamoja na desturi ile ya wazee wa bustanini, ambayo haihitaji ubalozi wala umeme. Maneno yanayoandikwa yawe ya mtaa, kwa Kiswahili, Sheng, Kinubi au lugha yoyote ambayo msomaji wa pale anaijibu. Mfadhili anayekataa sharti hilo amejitambulisha mwenyewe.

Rekodi ya mkono ni mali ya nani

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi, na ndipo panapojadiliwa kidogo zaidi. Kurekodi mwendo wa mkono ni kuchukua alama ya mtu. Kasi na mgandamizo wa mwandiko vinaweza kumtambulisha mtu karibu kama saini. Wakenya walipata somo la bei ghali Agosti 2023, serikali iliposimamisha mradi wa Worldcoin baada ya maelfu kupanga foleni Nairobi wakipigwa picha ya mboni ya jicho kwa malipo ya takriban shilingi 7,000. Miongoni mwa watu wenye njaa, ridhaa hununuliwa kwa urahisi, na msanii mwenye nia njema anaweza kuinunua bila kujua.

Sheria zipo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa inayoeleweka na inampa mtu haki ya kutaka data yake ifutwe. Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni inalinda mali ya jamii, ingawa fundi wa mabango wa Kawangware, ambaye ufundi wake una umri wa miongo michache na si wa kabila moja, haingii vizuri ndani ya tafsiri ya jadi. Haki miliki nayo inalinda kazi iliyokamilika na kurekodiwa, lakini mtindo wa mkono wenyewe unaponyoka. Pengo hilo haliwezi kusubiri bunge. Linazibwa kwa mkataba wa kurasa mbili kwa Kiswahili: faili la mwendo ni la mwandishi, linaonyeshwa kwa malipo kila mara, haligeuzwi fonti wala halifunzi mashine nyingine bila idhini mpya, na likitakiwa kufutwa linafutwa.

Kupima

Nikiweka hoja zote pamoja, upande wa sanaa hii unashinda kwa sharti moja zito: mwandishi awepo. Kazi ya umbo, iwe na herufi za Kichina au za Kilatini, inaweza kuletwa Kibera ikiwa kwenye sanduku na kuondoka ikiwa kwenye sanduku, na mtaa ubaki ulivyokuwa. Kazi ya mwendo haiwezekani bila fundi mwenye brashi, mtoto anayejifunza kwake na umati unaojibu.

Sharti hilo linabadili hata mahali pa kuanzia. Kibera imezoea miradi. Ina wageni, kamera na mashirika, na takwimu zake zimewahi kutiwa chumvi hadi mtaa ambao sensa ya 2009 iliuhesabia watu wapatao 170,000 ukasemwa una milioni. Kawangware haina umaarufu huo, na hilo ni faida. Mabango yake hayajageuka kivutio cha watalii, na mafundi wake bado wanaandikia wateja wa jirani. Jaribio la kwanza lingekuwa la maji na brashi ndefu mbele ya maduka ya Naivasha Road asubuhi kabla jua halijakaza, simu moja ikirekodi kutoka juu, na rekodi hiyo kumulikwa jioni kwenye ukuta wa mwenye duka aliyekubali, umeme ukiwepo. Usipokuwepo, maandishi ya asubuhi yamekwisha somwa na watu waliokuwa wakienda kazini. Gharama kubwa katika mpango huo ni ujira wa fundi, na ndiyo iandikwe juu kabisa ya bajeti, kabla ya kamera na kabla ya projekta.